Siku Tano Bila Kufungua Mtungi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro robo, na maabara ilifunguliwa saa mbili. Mlinzi wa lango, hapo Homa Bay, aliniuliza kama nimeleta mgonjwa. Nilimwambia mimi ndiye mwajiriwa mpya. Akanitazama viatu, akatazama bahasha ya vyeti niliyoikumbatia, akasema, "Basi kaa hapo. Hakuna mtu atakuibia kazi."

Mkuu wa Maabara alipofika hakutaka kuona vyeti. Alikuwa mtu mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa karibu na ngozi, na koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Aliniambia, "Nionyeshe mikono." Nikainyoosha. Ilikuwa ikitetemeka.

"Hii itatulia," alisema. "Macho yako ndiyo yananitia wasiwasi. Yanataka kuona kila kitu leo."

Naandika haya kwa ajili yenu mnaoanza mafunzo ya maabara. Najua mlitarajia kumbukumbu za Mkuu mwenyewe, maana alistaafu akiwa amefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa. Aliombwa aandike, akakataa. Aliniambia, "Mzee husahau makosa yake. Wewe yako bado yanakuuma. Andika wewe." Nimefikiria sana kama nina haki ya kuwaeleza watu kazi niliyoifanya kwa mkataba mmoja tu. Bado sina hakika. Lakini kosa ninalo, na yeye alisema hilo linatosha.

Mradi wetu ulihusu bakteria wa tumbo aitwaye Helikobakta pilori. Sisi tulimwita pilori tu. Ndiye anayesababisha vidonda vingi vya tumbo, ambavyo watu wa kwetu huviita alsa. Swali la mradi lilikuwa jepesi kuuliza na gumu kujibu: mdudu huyu anaishije mahali ambapo mwili mzima unamkataa? Asidi ya tumbo anaikabili kwa njia yake. Lakini akishagandama kwenye ukuta wa tumbo, seli nyeupe za damu humjia na kummwagia kemikali kali zinazotokana na oksijeni, mojawapo ikiwa peroksaidi, ileile inayotumika kusafishia vidonda. Kemikali hizo huchoma protini zake, mafuta ya ngozi yake, hata DNA yake. Hali hiyo ndiyo huitwa mkazo wa oksijeni.

Mkuu hakunieleza haya kwa ubao. Wiki ya kwanza alichukua chembe ya pilori kwa kijiti, akaipaka kwenye kioo, akadondoshea tone la peroksaidi. Papo hapo ikatoka povu, kama soda iliyotikiswa.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Mapovu."

"Hiyo si jibu. Mapovu hata mtoto anaona."

Nikasema ni kimeng'enya kiitwacho katalasi, yaani protini inayovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni.

"Sasa umesema. Huyu mdudu anamwagiwa sumu, naye anaigeuza maji. Na hayuko na katalasi peke yake. Kuna protini nyingine inashika ile sumu ya kwanza kabisa kabla haijawa peroksaidi. Kuna nyingine inakusanya chuma na kuifunika DNA, kama mwanamke anavyofunika mtoto na leso mvua ikinyesha. Na kuna mafundi, hao wanapita nyuma wakirekebisha protini zilizoungua. Ni nyumba nzima inafanya kazi."

Nilimuuliza kwa nini basi mdudu mwenye silaha zote hizo anatushinda kumfuga. Maana hapo ndipo penye kichekesho: pilori anayestahimili vita tumboni hufa haraka ukimwacha kwenye hewa hii tunayoivuta. Anataka oksijeni kidogo sana, si nyingi wala si sifuri. Mkuu alicheka. "Silaha zake zimepimwa kwa vita ya nyumbani. Ukimtoa nje ni kama umemfungulia mlango wakati wa mafuriko. Anapigana, lakini anachoka."

Kwa hiyo tulimfuga kwenye mtungi. Daktari wa Tumbo alikuwa akija mara moja kwa mwezi na ile kamera ya mpira inayoshushwa kooni. Alikata kinyama kidogo kama punje ya mtama, nasi tulikipokea kikiwa ndani ya barafu, tukakisaga, tukakipaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria kilichochanganywa na damu ya kondoo. Kondoo alikuwa wetu, dume, amefungwa nyuma ya jengo, na alikuwa na dharau kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Damu yake tuliitikisa ndani ya chupa yenye shanga za kioo ili isigande. Sahani ziliingia kwenye mtungi mzito wa plastiki. Tulichana pakiti ya gesi, tukaitia ndani, tukabana kifuniko. Pakiti ndiyo inayokula sehemu kubwa ya oksijeni, na hufanya kazi mara moja tu. Kisha mtungi uliwekwa kwenye inkubeta, kwenye joto la mwili wa mtu, siku tano bila kuguswa.

Hilo ndilo lililokuwa sharti: siku tano. Nililiandika kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili.

Mwezi wangu wa tatu alikuja Min Awuor, yaani mama yake Awuor. Alikuwa mchuuzi wa samaki, mbuta wa kukaushwa kwa moshi, na tanuri lake lilikuwa karibu na ufuo, nyuma ya soko. Alikuwa amekwisha kutibiwa alsa mara mbili na mara mbili ikarudi. Nguo zilikuwa zimemlegea mwilini. Daktari wa Tumbo alisema hatampa dawa za kubahatisha tena. Alitaka tumpate mdudu mwenyewe, tumjaribu kwa dawa moja moja, ili ajue ipi bado inamuua. Bila hivyo, alisema, tungekuwa tunamfundisha pilori kuishi na dawa zetu.

Min Awuor alitoka kwenye chumba cha kamera akifuta machozi na pembe ya leso. Aliniona nimeshika kile kichupa chenye kinyama chake.

"Hiyo ndiyo yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nimeitoa kwa shida. Ile mpira imenipeleka mpaka nikamwona nyanya yangu, na alishakufa." Akaniinamia karibu. "Wewe ndiye utaichunga?"

Nikasema ndiyo.

"Basi ichunge."

Nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Nilisaga, nikapaka, nikafunga mtungi, nikautia kwenye inkubeta. Kesho yake asubuhi, nikiwa napiga mswaki, swali likanijia: je, niliichana ile pakiti? Nilikumbuka sauti ya kuchanika. Lakini ilikuwa sauti ya jana, au ya mtungi wa juzi? Njia nzima nilibishana na nafsi yangu. Kama sikuichana, kinyama cha Min Awuor kilikuwa kinakufa wakati huo huo. Kama niliichana, kuangalia kwa nusu dakika kungedhuru nini?

Nikafungua. Pakiti ilikuwa imechanwa. Nikafunga haraka.

Siku ya pili yake nilifungua ili nione kama kule kufungua kwa kwanza kulileta madhara. Sikuona kitu, na kweli siku hizo za mwanzo hakuna linaloonekana, nililijua hilo kutoka darasani. Siku iliyofuata nilifungua kwa sababu nilikuwa nimeshafungua mara mbili, na nilitaka kujua kama nimwambie Mkuu. Mara ya nne ndiyo siwezi kuieleza. Mkono ulikwenda wenyewe. Kila mara niliirudisha ileile pakiti ndani, ingawa niliishika na nikahisi imepoa, haina kazi tena. Kuchukua mpya kungekuwa kukiri.

Siku ya tano Mkuu alifungua mtungi mwenyewe. Aliinua sahani kwenye mwanga wa dirisha. Pilori akiota huonekana kama vitone vya umande, vidogo, vinavyopitisha mwanga. Sahani zote zilikuwa kavu, nyekundu tupu. Akaichukua pakiti, akaibinya katikati ya vidole.

"Ulifungua mara ngapi?"

Nilifikiria kusema mara moja. Nakiri hilo. "Mara nne," nikasema.

Hakupaza sauti. Alivuta kiti, akaketi, akavua miwani. "Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilikuwa nahakikisha, Mkuu. Kwamba nimefanya vizuri."

"Nyathina," alisema, na hakuwahi kuniita hivyo kabla, kwa Kijaluo, yaani mwanangu. "Ulikuwa umefanya vizuri. Hicho ndicho kinaniuma. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka ulipokuja kuangalia."

Nililia. Hakuniambia ninyamaze, ila alisukuma boksi la karatasi za kufutia mezani, akaendelea kuzigeuza zile sahani. Kisha akasimama. "Njoo uone hapa. Hapa ulipoanzia kupaka, mkono wako ulikuwa mzito."

Palikuwa na utando mwembamba pembeni mwa sahani moja, mahali pa mguso wa kwanza, kama mvuke juu ya kioo. Alikwangua chembe, akaiweka chini ya hadubini, akanipa nafasi nitazame. Pilori mzima ana umbo lililopinda, kama bawa la ndege anayeruka. Wengi wa hawa walikuwa wamejikunja kuwa mviringo, ishara kwamba wameelemewa. Lakini katikati ya ile mipira niliona mmoja aliyepinda, kisha mwingine.

"Kwa nini hawa?" niliuliza.

"Walikuwa wengi mahali pamoja. Katalasi ya huyu inamkinga na yule. Waliotawanyika peke yao, kila mmoja na nguvu yake, hao wamekwisha." Alichukua sahani mpya iliyojaa damu mbichi ya kondoo. "Na damu yenyewe ina katalasi. Tutawasaidia. Usiwapake sahani nzima. Waweke mahali pamoja, kama ukubwa wa ukucha."

Nikawaweka. Safari hii Mkuu alichana pakiti mbele yangu na kusema kwa sauti, "Nimechana." Akabana kifuniko, akazungusha utepe mweupe pale kifuniko kinapokutana na mtungi, akaandika jina lake nusu juu ya kifuniko na nusu juu ya mtungi. Akanipa kalamu nami niandike. Akamwita mhudumu wa usafi aandike. Akamwita hata mlinzi wa lango, ambaye aliuliza kama ni cheti cha ndoa.

"Sasa," Mkuu alisema, "ukitaka kuangalia, itabidi ukate majina ya watu wanne."

Utepe huo ukawa desturi yetu. Mpaka mradi unafungwa, hakuna mtungi ulioingia inkubeta bila majina.

Kisha akaniambia jambo la pili, na hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. "Huyu mama haitwi sampuli. Nenda umwambie."

"Nimwambie nini? Pengine watapona."

"Pengine si habari ya kumpelekea mtu. Mwambie ulichofanya."

Nilimkuta Min Awuor mbele ya tanuri lake, pipa lililozungushiwa udongo na kufunikwa mabati na magunia yaliyolowa. Moshi ulipenya kidogo kidogo pembeni. Alikuwa ameketi kwenye gogo, mkono mmoja tumboni.

"Daktari mdogo! Matokeo imetoka?"

"Bado, mama. Kuna shida."

"Shida gani tena? Si nilimeza mpira yenu yote?"

"Wewe ulifanya vizuri. Mimi ndiye nimeharibu. Yule mdudu hataki hewa, anakaa kwenye mtungi uliofungwa. Mimi nilifungua mara nne."

"Ulikuwa unatoa nini?"

"Sikutoa kitu. Nilikuwa naangalia kama nimefunga vizuri."

Alinikodolea macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichomuumiza mpaka akajikunja. "Aiya! Kwani ukifungua, si ndiyo imefunguka?" Mwanamke wa tanuri la jirani akauliza kwa Kijaluo kuna nini, naye akamsimulia yote, mbele yangu, kwa mikono na kila kitu. Nikasimama pale nimeinamisha kichwa.

Alipomaliza alinionyesha magunia kwa kidole. "Unaona hii? Nimefunika asubuhi. Ukifunua kuangalia, moshi inaenda, moto inashtuka, samaki inaiva nje na ndani inaoza. Nikiwa msichana nilikuwa nafunua. Mama yangu alinikalisha juu ya mikono yangu mwenyewe. Hivi." Akaketi juu ya viganja vyake. "Mpaka jioni."

Nikatabasamu. Yeye akaacha kutabasamu.

"Lakini usidhani nimekusamehe. Mimi sili. Nikila nalia. Nimebaki mifupa, watu sokoni wanasema niko na ile ugonjwa ingine. Sasa unaniambia nirudi kwa ile mpira?"

"Kama hao waliobaki hawataota, ndiyo, mama. Daktari akija mwezi ujao."

Aliinamia tanuri, akausikiliza moto. "Nitameza tena," alisema mwishowe. "Lakini siku hiyo wewe utakuwa ndani ya hiyo chumba. Utanishika mkono. Na usiuachilie hata kama nakupiga."

Niliahidi.

Siku saba tuliuacha mtungi, mbili za ziada kwa sababu walikuwa dhaifu. Niliweka kiti changu mahali nisipoiona inkubeta, na mara mbili, mtanisamehe, nilikalia mikono yangu. Siku ya saba tulikata utepe sote wanne. Pale pa ukubwa wa ukucha palikuwa na vitone vya umande. Vilikuwa vichache, ningeweza kuvihesabu kwa vidole. Mkuu alinipa kijiti na chupa ya peroksaidi. Nikadondosha. Povu likatoka, nami nikalitazama kwa namna ambayo sikuwa nimelitazama wiki ile ya kwanza. Kila kipovu kilikuwa sumu iliyoshindwa.

Kutoka hapo kazi ilikuwa ya kuwazidisha, kisha kuwajaribu na vipande vya karatasi vyenye dawa tofauti. Nilitaka kukimbia sokoni siku ileile. Mkuu alinikataza. "Ulimpelekea kosa zima. Mpelekee na jibu zima." Jibu zima lilikuja asubuhi ya siku ya kamera yenyewe. Dawa moja kati ya zile alizokuwa amepewa mara zote mbili haikumgusa mdudu hata kidogo. Aliota mpaka kwenye ukingo wa karatasi. Nyingine, ambayo hajawahi kupewa, ilimwachia duara pana tupu.

Min Awuor alikuwa kwenye benchi nje ya chumba, tumbo tupu tangu jana kama walivyomwagiza, leso imekazwa kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana.

"Mama, hutameza," nilimwambia. "Mdudu amepatikana. Dawa yake imejulikana."

"Umesema?"

"Hakuna mpira leo."

Akapandisha sauti mpaka benchi zima likageuka. "Na mimi nimelala njaa! Hata chai sijakunywa! Wewe msichana, wewe!" Daktari wa Tumbo alichungulia mlangoni kuona nani anauawa. Min Awuor akanyoosha mkono wake kwangu, ule wenye harufu ya moshi. "Leta. Si uliahidi?"

Nikaushika. Tukakaa hivyo mpaka alipoitwa kupewa dawa.

Baadaye nilihamishiwa Migori, kwenye kituo kidogo cha kupokea sampuli. Msimamizi wa hapo alikuwa mkali kwa saa. Kazi yangu ilikuwa kufikisha boksi la barafu Homa Bay kabla vinyama havijachoka, na pale Awendo njiani magari ya miwa yaliyojaza barabara yangeweza kukufundisha subira kwa lazima. Sikuwahi kufungua boksi njiani kuangalia kama barafu bado ipo. Nilitaka kufungua kila safari. Sitawadanganya kwamba wasiwasi uliisha. Nilijifunza tu kwamba kuna uangalifu unaomtumikia mgonjwa, na kuna ule unaotutumikia sisi wenyewe, na kwa nje aina hizo mbili zinafanana kabisa. Siku hizi nikitaka kufungua kitu, hujiuliza ni kwa ajili ya nani.

Mradi ulifungwa mwezi uleule Mkuu alipostaafu. Niliitwa Homa Bay, tukanywa soda kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Mlinzi wa lango alisema mimi nimestaafu pia, nikiwa sijapata hata mvi moja. Mkuu alipokea koti jipya jeupe kama zawadi, akalicheka, maana atalivaa wapi. Tulipoagana aliniambia nimwonyeshe mikono. Niliinyoosha. Ilikuwa ikitetemeka bado, kidogo. Akaitazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika.

Langoni nilimkuta Min Awuor. Alikuwa ameshapimwa tena baada ya dawa, na pilori hakuonekana. Mashavu yalikuwa yamerudi. Alinipa kifurushi kizito, gazeti juu ya gazeti, kimefungwa kwa kamba ya nyavu.

"Hii ni ya nyumbani kwenu Rangwe," alisema. "Nimekausha siku mbili. Usifungue mpaka ufike."

"Sitafungua, mama."

"Nakujua wewe. Utataka kuangalia kama ni samaki."

Nilikipakata njia nzima. Harufu ya moshi ilinifikia, na zaidi ya mara moja nilijiuliza kama kamba imekaza, kama gazeti halijachanika chini, kama ni mbuta kweli au amenitania. Mikono yangu ilikuwa juu ya kifurushi, na ilibaki pale.

Mama yangu ndiye aliyekifungua.